Herufi Mbili Zilizomliza Tuli

Kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya katika kazi ya kusahihisha vitabu lilikuwa la herufi mbili tu. Nilifuta h, nikageuza u kuwa a, na mtu ambaye hakulia akalia. Kulirekebisha kosa hilo nusura kumrudishe mwandishi kambini, na mimi nyuma yake. Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi hii mbele ya kompyuta, na msiogope, mambo yaliisha vizuri. Mzee anaposimulia hatari iliyokwisha pita huwa kama mtu anayekunywa chai baada ya kunyeshewa: nguo bado zina maji, lakini kikombe kiko mkononi.

Jina langu ni Hezroni. Nilitoka Bunyore, nikajifunza kupanga herufi katika kiwanda cha misheni, kisha miaka ya hamsini nikaja Nairobi na kuajiriwa katika kiwanda kidogo cha chapa karibu na River Road. Tulichapa kalenda, kadi za arusi, matangazo ya minada, na mara mojamoja kitabu cha hadithi cha Kiswahili. Aliyenifundisha kusahihisha ni Maalim Athumani, mtu wa Mombasa, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Kiswahili changu cha wakati huo alikiita "Kiswahili cha reli", kwa sababu, alisema, kilikuja kwa behewa na mizigo mingine ikaanguka njiani.

Maalim alikuwa na desturi zake. Prufu, yaani zile karatasi za majaribio ya chapa, alizisoma mara tatu. Mara ya kwanza alizisoma kama msomaji. Mara ya pili aliziweka chini ya rula na kusoma mstari mmoja mmoja kutoka mwisho wa ukurasa kwenda juu, ili maana isimdanganye jicho. Mara ya tatu tulisoma wawili: mmoja anasoma mswada kwa sauti pamoja na vituo vyake vyote, mwenzake anafuata kwenye prufu. "Alisimama koma akatazama mto nukta." Siku nzima hivyo. Jumapili moja nilipewa somo la kusoma kanisani, nikasimama na suti yangu ya pekee, nikasoma aya nzima nikitamka koma na nukta bila kujua. Nilishtuka nilipomwona mke wangu Rodha ameficha uso kwenye kitambaa cha kichwa, mabega yakimtikisika. Kasisi alinisifu kwa kusoma polepole.

Jambo alilolirudia Maalim kuliko yote lilikuwa hili: "Mwanangu, msahihishaji ni bawabu. Kazi yako ni kulinda mlango. Si kazi yako kumchagulia mwenye nyumba wageni." Nilikuwa nikiitikia, "Ndiyo, Maalim," huku nikidhani nimeelewa.

Basi siku moja aliingia mtu kwa mlango wa nyuma, ule wa kupitishia karatasi na wino. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, viatu vimepigwa rangi vizuri, amebeba kitu kilichofungwa ndani ya aproni nyeupe ya mpishi. Aliuliza kama hapa ndipo wanatengeneza vitabu. Nikamwambia ndipo, lakini wateja huingia kwa mbele.

"Mimi nimezoea mlango ya nyuma," akasema. Akafungua aproni. Ndani mlikuwa na mswada uliopigwa taipu, kurasa kama mia mbili. "Hii ni kitabu yangu. Nimeandika miaka mbili."

Aliitwa Stefano Mbugua, mtu wa upande wa Kabete, mpishi wa Mzungu mmoja mzee kule Spring Valley. Ile taipu ilikuwa ya bwana wake. Nilimpelekea Maalim mswada huo nikitarajia ataurudisha. Maalim alianza kuusoma wakati wa chakula cha mchana, na saa nane nikaukuta mkate wake haujaguswa. Alikwenda mwenyewe kwa tajiri wetu, mwenye kiwanda, na siku ile ile tajiri akakubali kuuchapa.

Niwaeleze kwa ufupi hadithi yenyewe. Kuna mchukuzi wa mizigo anaitwa Tuli, mtumwa wa tajiri anayeitwa Bwana Faida. Bwana Faida si mtu wa hasira. Ana mizani, na kila jambo hulipima kwanza: likileta faida kwa wengi hulitenda, lisipoleta huliacha. Siku moja anapima na kuona kwamba akiuvunja mguu wa mchukuzi mmoja, wachukuzi wengine wote watafanya kazi kwa bidii na mji mzima utashiba. Anamchagua Tuli. Anapoupinda ule mguu, Tuli anamwambia kwa upole kwamba ukizidi kuupinda utavunjika. Unavunjika. Tuli halii. Baadaye anakuja bibi mmoja muuza viazi vitamu, anaitwa Bi Swali, ambaye hajibu lolote, anauliza tu. Anamuuliza Bwana Faida maswali sokoni mbele za watu, mpaka mwenye mizani hajui tena mizani yake inapima nini.

Mimi niliisoma kama hadithi za jioni za nyumbani kwetu. Tajiri mbaya, maskini mwema, bibi mjanja. Nilipofika pale mguu unapovunjika, nikakuta imeandikwa: "Mguu ukavunjika. Tuli hakulia." Nikasimama. Mtu anavunjwa mguu halafu asilie? Mimi niliwahi kuvunjika kidole tu, mji mzima ulisikia. Nikasema mpishi huyu kidole chake kimeteleza kwenye taipu. Alitaka kuandika "akalia". Nikamwambia mpanga herufi apange hivyo, sikumuuliza mtu, na nilijipongeza kwa jicho langu kali. Prufu za kurasa kumi na sita za mwanzo zikapelekwa Spring Valley.

Mbugua alirudi baada ya siku tatu. Hakupandisha sauti. Aliweka ule ukurasa juu ya meza yangu, akaweka kidole.

"Ndugu Hezroni, nani alimliza mtu wangu?"

Nikajibu kwa majivuno kidogo, "Ni mimi, Bwana Mbugua. Nilirekebisha. Palikuwa na kosa hapo."

"Kosa." Alivuta kiti akaketi. "Unajua nimeandika ukurasa mia mbili juu ya nini?"

"Juu ya mtumwa aliyeonewa."

"Nimeandika juu ya hiyo neno moja. Hizo zingine zote ni njia ya kufika hapo na njia ya kutoka hapo. Sasa umeniulia mtu, na bado anatembea ndani ya kitabu."

Maalim alikuwa anasikiliza. Alivua miwani, akanitazama, na mtazamo huo ulikuwa mbaya kuliko kukemewa. Nikachukua kalamu ya wino mwekundu, nikafuta "akalia", nikaandika pembeni kwa mwandiko wangu mzuri wa misheni: "hakulia". Kumbukeni hiyo kalamu nyekundu.

Mbugua aliona nimeumia. Akaniambia, "Jumapili baada ya kanisa kuja Spring Valley. Nitakuonyesha Tuli alizaliwa wapi."

Nilikwenda kwa miguu kupitia Westlands, ambayo siku hizo ilikuwa maduka machache na miti mingi. Kwenye lango la Spring Valley nilifukuzwa na mbwa wawili mpaka nikapanda ukuta wa jirani. Mbugua alitoka na mwiko mkononi, akacheka hadi akashika magoti. "Hata Tuli anaogopa mbwa!" akaniambia. "Hujafika hiyo sura?" Nilikuwa nimefika, lakini sikuwa nimecheka. Sasa, nikiwa juu ya ukuta, nilicheka.

Bwana wake, ambaye watumishi wote walimwita Profesa, alikuwa amefundisha chuoni huko kwao Uingereza miaka mingi. Macho yake yalikuwa yamekaribia kufa kabisa. Kila alasiri, akishaosha vyombo vya mchana, Mbugua alikaa naye barazani na kumsomea vitabu vyake vya falsafa. Kwanza alisoma kama kasuku. Kisha akaanza kusimama na kuuliza. Profesa naye, ambaye hakuwa na mwanafunzi tena, akaanza kujibu. Miaka minne walisoma hivyo, mmoja macho hana, mwingine shule alisoma madarasa manne tu.

Jikoni, tukinywa chai, Mbugua alinieleza. Alikuwa anaambua mbaazi na kuongea, na nadhani sijapata somo la uandishi kuzidi lile.

"Kulikuwa na mtumwa Roma ya zamani," akasema. "Kilema. Baadaye akawa mwalimu. Yeye alifundisha kwamba kuna vitu viko mkononi mwako na vingine haviko. Mguu wako hauko mkononi mwako, mwenye nguvu anaweza kuvunja. Lakini vile utakavyochukua hiyo kuvunjwa, hiyo ni yako. Nilisoma hiyo kwa Profesa, sauti ikanipotea."

"Ndiye Tuli?"

"Si yeye. Wazo haliwezi kutembea, ndugu yangu, halina miguu. Nikalipa miguu, tena mmoja mbovu. Halafu Profesa akaniambia, huyu mtu wako ni sanamu, hana harufu. Nikafikiri wiki mbili. Nikampa hofu ya mbwa. Nikampa kupenda ugali iliyoungua chini ya sufuria. Ndiyo akaamka."

Bi Swali naye alitoka sehemu mbili. Sehemu moja ilikuwa yule mzee wa Kiyunani aliyezunguka sokoni akiuliza watu maswali mpaka wakachoka, wakamnywesha sumu. Sehemu nyingine ilikuwa nyanya yake Mbugua, aliyeuza viazi vitamu Wangige, na ambaye ukimwamkia alikuuliza umejuaje kwamba umeamka. "Mzee wa Kiyunani nilimpa viazi," akasema, "na nyanya yangu nilimpa falsafa. Wakafanana."

Nikamuuliza Bwana Faida ni nani. Nilitaka aseme ni setla fulani. Akatikisa kichwa. Akasema kulikuwa na wanafalsafa wa Kiingereza waliofundisha kwamba jambo jema ni lile linaloleta heri kwa watu wengi zaidi. Hawakuwa watu wabaya, alisisitiza. Walitaka maskini wapate. Lakini yeye, akisoma, alijiuliza: na yule mmoja anayewekwa upande wa pili wa mizani? "Kwa hivyo sikumfanya Bwana Faida kuwa shetani. Ningemfanya shetani ningekuwa nadanganya juu ya hao wazee. Nilimfanya mtu anayehesabu vizuri na kusahau mtu."

Sauti ya Profesa ikatoka barazani ikiuliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kama huyo ndiye mtu aliyemliza Tuli. Nikasema ndiye. Akasema, "Pole sana," lakini sikuelewa kama alinipa mimi pole au Tuli.

Kabla sijaondoka Mbugua aliniambia jambo moja zaidi, akiwa ameinamia sinki. Kwamba Hali ya Hatari ilipokuwa kali, serikali ikiwafunga Wakikuyu kwa maelfu, alichukuliwa, akakaa kambini miezi kadhaa, akahojiwa na kuchujwa, akaachiliwa, na Profesa akamrudishia kazi. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Siku zile mtu alikupa alichotaka kukupa, ukashukuru.

Sasa tajiri wetu alikuwa mtu mwema lakini mwoga, na sikumlaumu. Aliposikia kwamba mwandishi ni Mkikuyu aliyewahi kuwa kambini, alipeleka prufu kwenye ofisi moja ya serikali ili zikaguliwe kabla ya kuchapwa. Hakutaka kupoteza muda kutengeneza prufu safi. Alipeleka zile zile zenye wino wangu mwekundu.

Wiki mbili zikapita. Tukaletewa barua: mwandishi na msahihishaji wafike siku inayofuata, saa tatu asubuhi.

Tulikutana Government Road, mimi nikiwa na suti yangu ya kanisani, yeye na viatu vyake vinavyong'aa. Nilikuwa nimemwacha Rodha na mtoto wa miezi mitano, na nilijua kwamba kibali changu cha kukaa mjini kingeweza kufutwa kwa muhuri mmoja. Kwake lingekuwa jambo kubwa zaidi.

"Bwana Mbugua," nikasema tukitembea, "tuseme nilikosea. Tuseme neno la kwanza ndilo la kweli, akalia, na mimi nilichanganyikiwa nikalifuta. Herufi mbili tu. Kitabu kitatoka na sisi tutakwenda nyumbani."

Alisimama, akapangusa vumbi kwenye kiatu kimoja.

"Wewe una mtoto mchanga," akasema. "Ukitaka kusema hivyo, sema. Sitakukasirikia, naapa. Lakini wakiniuliza mimi, sitasema hivyo."

Afisa aliyetupokea alikuwa Mzungu wa makamo, nywele zimeanza mvi, meza yake imejaa karatasi. Kiswahili alikijua, kile cha watu waliokulia mashambani. Hakutukaribisha kuketi. Alikuwa na ule ukurasa juu ya karatasi nyingine zote, na ule wino mwekundu uliniangalia kama jicho.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, bwana," nikajibu.

"Kwanza ilikuwa *akalia*. Mtu anavunjwa mguu, analia, hiyo ni sawa. Halafu wewe nachukua kalamu, nafuta, naandika *hakulia*. Kwa nini?"

Pale ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa wazi. Nilisikia kabisa yale maneno niliyoyapendekeza yakija mdomoni. Kisha nikamkumbuka Maalim akivua miwani, na nikaona aibu kabla hata sijatenda. Nikasema:

"Kwa sababu ndivyo mwandishi alivyoandika, bwana. Mimi ndiye niliyekosea mwanzo. Nilidhani hakuna mtu anayevunjwa mguu asilie. Nilibadilisha bila ruhusa, akanirudisha kwenye neno lake."

Afisa akamgeukia Mbugua. "Sasa wewe nambie. Huyu Bwana Faida ni serikali? Na huyu mtumwa, napigwa na hasemi kitu, halii. Ni mtu ya kambi, siyo? Wewe nafundisha watu wasiseme kitu."

"Hapana, bwana. Ni mtumwa wa Roma."

"Roma? Wewe ni mpishi."

"Ni mpishi, bwana. Ninamsomea bwana yangu, macho yake imeharibika."

Akaanza kumsimulia habari za yule mtumwa kilema: jinsi bwana wake alivyoupinda mguu, jinsi alivyomwonya kwa upole. Alisimulia polepole, mikono imetulia mbele, kama anayeeleza mapishi. Katikati ya hadithi niliona uso wa afisa umebadilika. Alikuwa anaijua. Mbugua alipofika mguu ulipovunjika, alinyamaza, na afisa ndiye aliyemalizia, kwa sauti ndogo, akitazama dirisha: yule mtumwa alimkumbusha tu bwana wake kwamba alikwisha kumwambia. Alikuwa ameisoma shuleni kwao akiwa mdogo. Alisema alichapwa kwa kushindwa kuitafsiri.

Nikadhani tumepona. Lakini alifungua faili nyingine, nyembamba, akaisoma, na sauti yake ikarudi ilivyokuwa.

"Hapa karatasi nasema wewe ulikuwa kambi."

"Nilikuwa, bwana."

"Basi wewe naandika kambi, na naweka nguo ya Roma juu yake."

Mbugua aliinua macho kutoka kwenye faili. Kisha akasema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo:

"Bwana, mimi kule kambini nililia. Siku ya kwanza tu. Nililia mbele ya watu wanaonijua, na mbele ya kaka ya mke wangu. Kama ningeandika mtu wa kambi, angelia."

Afisa aliinamisha kichwa, akafunua kurasa kadhaa bila kuzisoma. Akafika sura ya mbwa. Hapo akaanza kusoma kweli, na nikaona pembe ya mdomo wake inavutika. Alipofika pale Tuli, mtu asiyelia kwa mguu kuvunjika, anaporuka juu ya gari la mkokoteni kwa sababu ya kijibwa kisicho na meno, alitoa sauti puani. Hakucheka, maana mtu wa ofisi ile hakuruhusiwa kucheka, lakini niliijua sauti ile: ni ya mtu anayezuia kicheko.

Akachukua muhuri. Akapiga.

"Kwenda," akasema.

Hatukukimbia. Tuliteremka ngazi kama watu wenye heshima, tukavuka barabara, tukapinda kona. Hapo Mbugua alishika nguzo ya taa, mimi nikakaa kwenye ukingo wa barabara na suti yangu ya pekee. Watu walitupita wakidhani tumelewa asubuhi. Sijawahi kuonja hewa tamu kama ile ya Government Road siku hiyo, na ilikuwa na moshi wa malori.

Nikamuuliza, "Ni kweli ulilia?"

"Ni kweli. Nililia mpaka askari mmoja akaniambia basi, bwana, basi." Akatabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Nilipotoka nilijiona si mtu. Halafu siku moja, nasomea Profesa, nakutana na huyo mtumwa. Nilimwonea wivu, Hezroni. Wivu mbaya. Watu wanadhani unachukua mawazo kwa kitabu kwa sababu ni mazuri. Mimi nilichukua hiyo kwa sababu nilikuwa na shimo, na ilikuwa na ukubwa wa hilo shimo."

Vijana, nimesoma waalimu wengi wakieleza jinsi falsafa inavyoingia kwenye riwaya. Wanaorodhesha: wazo hili limetoka kwa mwanafalsafa huyu, mhusika yule ni ishara ya jambo lile. Si uongo. Lakini mimi nikisoma mswada wenye wahusika wa namna hiyo, najiuliza kwanza shimo liko wapi. Kisha sigusi neno lolote lililo karibu na shimo hilo mpaka nimemuuliza mwenyewe.

Tuliporudi kiwandani tulikuta vita vingine. Ni hivi: seti zetu za herufi za risasi zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiswahili kinakula k, w na a kama nzige. Kurasa kumi na sita za Tuli zilikuwa zimepangwa tayari mezani, zimefungwa kwa uzi, na karibu k zote za kiwanda zilikuwa humo. Asubuhi ile tajiri, akiamini kwamba hatutarudi, aliamuru kurasa zifunguliwe na herufi zirudishwe kwenye visanduku vyake, apate k za kuchapia kalenda. Kazi ya wiki tatu ingemwagwa kwa nusu saa. Maalim Athumani alikuwa amevuta kiti, ameketi mbele ya ile meza, amekunja mikono.

"Nimemwambia nina homa, siwezi kusimama," akatuambia. "Naye akasema niondoke nikapumzike. Nikamwambia homa yenyewe ni ya kutoweza kusimama."

Mbugua akamwonyesha muhuri. Maalim aliusoma mara tatu, na naapa mara ya pili aliusoma kutoka chini kwenda juu. Kisha akasimama bila homa yoyote, akamshika Mbugua mkono kwa mikono yake yote miwili. Tajiri naye alitoka ofisini, akaona muhuri, akajipangusa jasho, na kwa furaha akaagiza chai na mandazi ya watu wote.

Mashine iliwashwa mchana ule ule. Tulimsimamisha Mbugua mahali pa heshima, pale karatasi zinapotokea. Ya kwanza ikatoka, wino bado mbichi. Akaipokea kwa ncha za vidole kama anayepokea mkate wa moto kutoka tanurini. Akasoma, midomo ikitembea. Sisi wote tulikuwa tunamtazama yeye, si karatasi. Nilikuwa naona uso wa mtu anayetua mzigo.

Akakunja kipaji cha uso.

"Ndugu Hezroni," akasema polepole. "Hapa kuna kosa."

Maalim akapiga kelele mashine izimwe. Mbugua akaweka kidole. Mstari wa tatu, mahali ambapo mchukuzi kilema anateremka kwenda mtoni, nilikuwa nimeacha e ikawa i. Mimi nilikuwa nimeisoma mara tatu. Maalim alikuwa ameisoma. Afisa wa serikali, aliyetafuta hatari katika kila neno, alikuwa ameipita. Imeandikwa kwa wino mweusi mzuri: "Kilima yule akachechemea mpaka mtoni."

Maalim ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye uzi. "Kilima!" akasema. "Kilima kinachechemea!" Mpanga herufi akacheka, tajiri akacheka bila kuelewa, mimi nikacheka huku nikiomba radhi, na Mbugua, akiwa ameshika karatasi juu ili isichafuke, alicheka mpaka machozi yakamtiririka usoni mbele yetu sote, wala hakuyafuta.

Kisha Maalim akachukua kibano, akainama juu ya mashine, akang'oa ile i, akaitia e mahali pake, na tukaendelea kuchapa.